Wakoli wa Gambuti Moja

Mjukuu wangu alizaliwa Kitale mvua ikiwa imeshika, na hata kitovu hakijakauka alianza kulia. Hakulia kama mtoto mwenye njaa. Alilia kama mtu mzima anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto: anaita, ananyamaza kidogo asikilize, halafu anaita tena. Titi alilikataa. Edinah, mke wa mwanangu Masika, alimkamulia maziwa kwenye kijiko, akayatema. Hospitalini walimpima damu, wakamulika masikio, wakasema mtoto hana kitu. Huyo asiye na kitu alikonda mpaka ngozi ya mapaja ikaanza kuning'inia.

Kwetu Wabukusu, mtoto wa namna hiyo tunasema ana mgeni. Kuna marehemu anayetaka kuitwa. Mtoto huwekwa kwenye titi la mamake, na watu wa ukoo wanataja wafu wao mmoja mmoja. Akitajwa anayehusika, mtoto hunyamaza na kunyonya, na tangu hapo ndiye jina lake. Nimeona ikifanyika. Simwombi mtu aamini.

Jina lenyewe halikutusumbua. Kabla hajazaliwa tulijua ataitwa Wakoli, ndilo jina linalorithiwa katika ukoo wetu. Kilichotusumbua ni Wakoli yupi.

Hapo ndipo anaingia ndugu yangu mkubwa, Mukhwana. Alifanya kazi ya serikali mpaka akastaafu, sasa anakaa Bungoma kwenye nyumba ya mawe, na ukuta wake wa sebuleni umejaa kina Wakoli. Yuko Wakoli chifu, amevaa kofia ya jua. Yuko Wakoli mwalimu aliyefungua shule upande wa Sirisia, na Wakoli aliyepiga tarumbeta kwenye bendi ya polisi. Yuko Wakoli golikipa. Yuko hata Wakoli mmoja wa Uganda aliyerusha mkuki. Huyo si ndugu yetu kwa lolote, Mukhwana alimkata tu kwenye gazeti akamtilia fremu. Mgeni akiingia hapewi chai kabla hajazungushwa ukuta mzima.

Nilimpigia simu.

"Mlete Jumamosi," akasema. "Nitaita kina Wakoli wote wanaojulikana. Daktari atakuja, mchungaji atakuja."

"Mtoto anakufa, wewe unapanga sherehe?"

"Si sherehe, bana. Ni heshima. Wakoli haitwi jikoni kama kuku."

Mimi nachomelea milango na mageti katika karakana ya Tarlochan Singh, Kitale mjini. Ijumaa nilimwomba ruhusa. Nilipomweleza sababu aliweka chini kikombe chake, akacheka kidogo, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Nyongesa, sisi kila mwanaume ni Singh," akasema. "Daktari Singh, mlevi Singh, mwizi Singh. Ukifungua mlango kwa hilo jina, wote wanaingia. Nyinyi mnataka kuchagua?"

"Si mimi. Ni ndugu yangu."

"Basi mwambie ndugu yako hawezi kukaa mlangoni milele. Nenda. Na huyo mtoto mfunike vizuri, kuna baridi."

Jioni hiyo nyumba ilinuka zizi. Si zizi la nje, kwa sababu hatuna ng'ombe. Ilinuka maziwa ya moto yakiingia kwenye ndoo ya bati, na mavi mabichi, na nyasi zilizolowa. Mke wangu Edah alizunguka akitafuta.

"Nani amemwaga maziwa hapa?"

Hakuna aliyemwaga. Harufu ilikuwa nzito zaidi karibu na mtoto. Edinah alikuwa amekaa ameupa mlango mgongo, hataki kuuangalia. Nilimwona, lakini kwetu baba mkwe hamsemeshi mke wa mwanawe ovyo, kwa hiyo sikumuuliza kitu.

Jumamosi tukafika Bungoma. Sebule ilikuwa imejaa suti. Daktari Wakoli alimfunua mtoto, akambonyeza tumbo, akasema kama wale wa Kitale. Mchungaji Wakoli akaomba. Wakoli mwingine mwenye maduka ya simiti alileta kreti mbili za soda. Jikoni wanawake walikuwa wanageuza kuku, na juu ya yote hayo mtoto analia, ananyamaza, anasikiliza, analia.

Edinah akawekwa kwenye kiti chini ya ukuta wa picha, Edah pembeni yake ameshika kichwa cha mtoto kwenye titi. Sisi wanaume tulikaa upande wa pili kama adabu inavyotaka. Mukhwana akasimama. Alikuwa na fimbo ya babu, na alinyooshea kila picha kama mwalimu mbele ya ramani.

"Wakoli chifu! Uliyetoa barabara msituni! Kama ni wewe, mtoto anyonye!"

Mtoto alipiga kelele.

"Wakoli mwalimu! Uliyetuletea kalamu!"

Akazidi. Akaja wa tarumbeta. Akaja golikipa, aliyekufa juzi tu kwa sukari. Kwa kila jina mtoto alikuwa anajikunja kama anayechomwa sindano. Mukhwana alitokwa na jasho. Mwishowe akamnyooshea fimbo yule Mganda wa mkuki.

"Na huyo naye?" mtu wa simiti akanong'ona. "Si huyo ni wa gazeti?"

"Nyamaza, wewe!"

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha raha. Na hapo kicheko kikakatika, kwa sababu mtoto alikuwa ameacha kulia. Hakunyonya. Mdomo ulikuwa wazi na macho yamegeukia mlango, na sauti ilikuwa haitoki. Daktari aliinuka haraka, akamshika, akampiga mgongoni. Sauti ikarudi, nyembamba, kama ya paka.

"Huyu apelekwe hospitali sasa hivi," daktari akasema. "Amechoka. Moyo hautabeba hii."

Ndipo Edinah akasema. Hakuongea na Edah kwa sauti ya chini kama inavyopasa. Aligeuza uso kwetu sisi wanaume, akatuangalia mmoja mmoja.

"Kuna mmoja hamjamtaja. Nimetafuta hapa ukutani, hayuko. Anakuja kila nikisinzia. Anasimama mlangoni na ndoo ya maziwa, haingii. Mguu wa kulia amevaa gambuti ya mpira. Wa kushoto hana kitu, vidole viko kwa matope. Namuuliza, wewe ni nani, anasema, mimi pia ni Wakoli."

Vijana hawakuelewa. Sisi wazee tulielewa. Mukhwana alishusha fimbo polepole mpaka ikagusa sakafu.

Baba yetu alikuwa na ndugu mdogo. Alikuwa mkamaji kwenye shamba moja kubwa huko Endebess, na aliitwa Wakoli kama wengine wote. Siku moja alikutwa amejinyonga kwa kamba ya ndama ndani ya zizi la kukamia. Kwa nini, hakuna aliyeuliza, kwa sababu kwetu mtu aliyejinyonga hakuna anayeuliza habari zake. Hakuliliwa. Alizikwa nje ya ua, nyumbani Bokoli, haraka, watu wakageuka bila kuangalia nyuma. Jina lake halitajwi na mtoto hapewi, eti litamvuta mtoto njia ile ile.

Nilikwenda na baba kumchukua, nikiwa bado kwenye shule ambayo sikuimaliza. Alikuwa amelazwa kwenye sakafu ya simiti na gambuti moja tu. Nilianza kutafuta ya pili kwenye nyasi za zizi. Baba akanishika shingo.

"Wacha. Mtu kama huyu hatafutiwi kiatu."

Edinah alitoka Endebess? Hapana, yeye ni wa Webuye. Nani angemwambia? Masika mwenyewe hakujua kwamba babu yangu alizaa wavulana wawili.

"Tumpeleke hospitali," Mukhwana akasema.

"Atapelekwa," nikasema. "Kwanza mwite."

"Nyongesa, usinichezee. Mbele ya mchungaji? Unataka nimwite mtu wa kamba ndani ya nyumba yangu, juu ya mtoto?"

"Yuko ndani tayari. Nyumba yangu ilinuka zizi jana jioni nzima."

"Na akikua akafanya vile? Utasema nini? Utasema ni mimi Mukhwana niliyemwita?"

"Na asipokua?"

Nilimkumbuka Tarlochan na mlango wake. Nilisimama, nikavuka sebule mpaka upande wa wanawake, mahali ambapo sipaswi kufika, nikainama karibu na mtoto. Ile harufu ilinijaa puani.

"Wakoli mkamaji," nikasema. "Wakoli wa Endebess. Ndugu ya baba. Hatukukulilia. Kama ni wewe, ingia ndani, uache kusimama mlangoni."

Mtoto alivuta pumzi moja ndefu. Kisha akageuza kichwa, akashika titi, akaanza kunyonya. Sebule nzima tulimsikia akimeza. Edinah alikuwa analia bila sauti na maziwa yanamtiririka mpaka kwenye leso.

Daktari aliangalia saa yake. Mchungaji alitafuta Biblia yake iliyokuwa mkononi mwake. Waliondoka mmoja mmoja, wanaaga kwa haraka, na kuku wakabaki kwenye sufuria. Mukhwana hakumsindikiza mtu. Aliniambia neno moja tu tulipokuwa tunapanda gari:

"Umemwingiza. Sasa mlinde."

Hospitalini walimweka siku chache, akarudi ananyonya kama ndama. Sasa amenenepa, ana meno, anasimama akishika meza. Anacheka kwa urahisi. Lakini kiatu cha kushoto hakikai. Mvalishe cha ngozi, mvalishe soksi, mfungie kamba mara mbili. Ukigeuka, mguu wa kushoto uko mtupu, na kiatu unakikuta mlangoni, kimeelekea nje. Yeye hajajua kutembea. Edah hukiokota, akamvalisha tena. Masika amehamisha kamba zote za nyumba, hata ya kuanikia nguo, na sisi hatumuulizi amezipeleka wapi.

Wiki iliyopita Mukhwana alikuja Kitale. Hakuwa amekanyaga kwangu tangu siku ile. Alikuwa amebeba mfuko wa karatasi, na ndani kulikuwa na gambuti mbili nyekundu, ndogo kama vikombe. Hakuomba chai. Alikaa sakafuni na suruali yake ya kupigwa pasi, akamweka mtoto mbele yake.

"Baba," akamwambia, kwa sababu ndivyo tunavyomwita sasa, naye ni baba yetu mdogo. "Lete mguu."

Alimvalisha wa kulia. Alimvalisha wa kushoto. Kisha akaushika ule wa kushoto kwa mkono, kifundo na gambuti pamoja, wala hakuuachilia. Mtoto alivuta kidogo, akamtazama, halafu akatazama mlango.

"Hapana," Mukhwana akasema. "Kaa."

Chai ililetwa ikapoa. Nje mvua ilianza, jua likashuka upande wa mlima, na ndugu yangu bado amekaa pale sakafuni, ameshika.