Uzi Umepita

Dada yangu ni fundi cherehani, na mimi ndiye niliyemharibia macho. Nasema mapema ili mtu asinionee huruma.

Macho yake yalipata uvimbe kwa ndani. Yakaiva mekundu, mwanga ukawa unamchoma, akawa anashona kwa kupapasa. Dawa za matone hazikufua dafu. Daktari akaamua kumchoma sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, kando ya kila jicho.

"Miaka ishirini nawachoma watu pini," dada alimwambia. "Leo zamu yangu."

Wiki mbili tu, ukungu uliomfunika macho ukatoweka. Tulicheka kama wehu. Lakini daktari alikuwa amemwandikia kwenye kadi arudi baada ya wiki nne kupimwa presha ya macho, yaani msukumo wa maji yaliyo ndani yake, maana dawa ile huweza kuipandisha bila maumivu yoyote.

Siku yenyewe ilitukuta tumezama kwenye sare za shule. Dada alishika kadi, akasita. Mimi, mdomo usio na breki, nikamwambia: "Hebu tunga uzi hapo. Ukipita, macho mazima. Unaenda kupanga foleni ya nini?"

Akaulowesha kwa mate, ukapita tundu la sindano mara moja. Tukarudi kazini.

Hicho kikawa kipimo chetu. Kila asubuhi alitunga uzi, akaninyooshea sindano. "Umepita?" Nami: "Umepita, dada." Miezi ikayoyoma. Akaanza kugonga mlango kwa bega, akaunguza mkono kwenye pasi iliyokuwa kando yake. Nikamtania kwamba uzee umebisha hodi.

Alipogongwa na baiskeli ambayo hakuiona kabisa, ndipo tukarudi kliniki. Daktari alipima, akarudia kupima. Presha ilikuwa imekula mishipa ya macho yote mawili. Kando kote giza, katikati kumebaki kitundu. Kilichokufa hakirudi.

"Lakini daktari, uzi unapita!" nilisema.

"Kuona kwa katikati ndiko kunakoisha mwisho," akajibu.

Sasa tunatia matone ya presha kila siku, na tumechelewa. Dada hajanilaumu hata kwa neno moja. Bora angenitukana.

Leo asubuhi amelowesha uzi, amelenga, akaninyooshea sindano kama kawaida. Uzi ulikuwa unaning'inia nje ya tundu, umebanwa chini ya kidole chake.

"Umepita?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Umepita, dada."

Akavuta kiti, akainamia shati, akaanza kushona.