Injini ya Waholanzi

Lavonne Stuckey aliokota taulo sakafuni, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaguna. Ilikuwa na alama nyeusi za vidole, kubwa kama nyayo za dubu.

"Hawa wanaogea nini, lami?" alisema peke yake.

Kaka yake, Dwight Haskett, alikuwa ameegemea mlango wa chumba na donati mkononi. Kila asubuhi kabla ya zamu yake kiwandani alipitia Moteli ya Redbird, alikofanya usafi dada yake, kujihudumia kwenye meza ya wageni, na kila asubuhi Lavonne alimwambia aache. "Kina nani hao?" aliuliza.

"Wale wageni watatu wenye makoti ya kijivu. Sogeza huo mguu, nipite."

Dwight alimnyang'anya taulo akainusa. Alikuwa amefunga vichwa vya injini kwenye kiwanda cha Tolliver tangu ujana wake, na pua yake ilijua mafuta kama pua za wengine zinavyojua mkate. Akaacha kutafuna.

"Hii ni dizeli," alisema taratibu. "Wanaongea lugha gani?"

"Nitajuaje? Kama Kijerumani kilichokwama kooni. Nipe taulo yangu."

Hayo tu. Baadaye Lavonne alikuwa tayari kushika Biblia na kuapa mbele ya yeyote kwamba hayo tu ndiyo aliyoyasema.

Lakini Pell Creek mwaka ule haukuwa mji wa kuambiwa neno dizeli asubuhi asubuhi. Mji mzima ulikula chungu kimoja: kiwanda cha Tolliver, kilichounda injini kubwa za dizeli za pikapu za Garrison. Mkataba wa kampuni hizo mbili ulikuwa unakwisha, na tangu Krismasi watu walikuwa wanalala jicho moja wazi. Kila mtu alikuwa na binamu aliyesikia jambo. Kinyozi alisikia kwamba Garrison watachukua injini Japani. Mke wa mchungaji alisikia watajiundia wenyewe. Kwenye duka la chakula cha mifugo, mzee mmoja alithubutu kusema kwamba pikapu zijazo zitatumia betri, na nusura wamnyime mahindi ya kuku wake. Msemaji wa kiwanda alitokea kwenye televisheni akasema hakuna lililobadilika. Watu wakatazamana. Kama hakuna lililobadilika, amekuja kusema nini?

Basi habari ya Dwight haikutembea kwa miguu. Kufikia chakula cha mchana, wageni watatu wa Redbird walikuwa wahandisi kutoka Ulaya. Kufikia jioni walikuwa wameileta injini yenyewe, imefunikwa turubai ndani ya gari lao. Kesho yake, kwenye foleni ya benki, ilijulikana kwamba Lavonne ameiona kwa macho yake, na kwamba ni ndogo, haizidi ya mashine ya kukatia majani.

Hilo la udogo ndilo lililouma. Dwight alikuwa amechorwa nembo ya Tolliver kwenye mkono wa kulia, kutoka kiwiko mpaka kifundo. Jina la binti yake lilikuwa mkono wa kushoto, kwa herufi ndogo zaidi.

"Sasa huu mkono niupeleke wapi?" aliwauliza wenzake. "Niukate?"

Lavonne aliupata ukweli siku hiyohiyo, bila kuutafuta. Alibisha mlango wa chumba cha wageni, akasikia "ingia", akamkuta mmoja wao, bwana mrefu mwenye ndevu nyekundu aitwaye Wouter, amepiga magoti kando ya kitanda. Juu ya shuka alizotandika Lavonne mwenyewe kulikuwa kumetawanywa picha za trekta. Trekta moja tu, kuukuu, lenye kutu, limepigwa picha mbele, nyuma, ubavuni na chini ya tumbo.

Wouter aliruka kuzifunika, kisha akaona aibu, akaziacha.

"Mama, tafadhali," alisema kwa Kiingereza chake cha kuchonga. "Sisi ni Waholanzi. Tunakusanya matrekta ya zamani. Hili liko kwa Bibi Opal Reinholt, kule bondeni. Duniani yamebaki machache mno. Mpaka atie saini Jumamosi, mtu yeyote asijue. Kuna bwana mmoja Ohio, akisikia tu, anakuja na lori lake."

"Na mafuta kwenye taulo zangu?"

"Tunalifufua. Bibi amesema haliuzi mpaka alisikie likinguruma." Akaweka mkono kifuani. "Utatutunzia siri?"

"Nitawatunzia," alisema Lavonne. "Na ninyi mtatumia matambara nitakayowapa, siyo taulo."

Wakapeana mikono. Mkono wa Lavonne ulitoka mweusi.

Siku iliyofuata Lavonne alikuwa kwenye chumba cha kufulia, anakunja shuka, pembe kwa pembe, kidevu kimeshika katikati. Bwana Desai, mwenye moteli, aliingia akafunga mlango. Jayantilal Desai alikuwa mtu mdogo, mtaratibu, aliyevaa sweta hata wakati wa joto. Yeye na mkewe waliinunua Redbird wangali vijana, na binti yao wa Houston alikuwa anawapigia kila Jumapili kuwauliza wanangoja nini kuiuza.

"Lavonne," alisema, "wanaolala hapa ni akina nani?"

"Madereva. Wauza vipuri. Watu wa kiwanda."

"Na kiwanda kikienda?"

Lavonne alichukua shuka nyingine.

"Uliwahi kuniuliza kama naweza kukuuzia moteli hii."

"Nikakuuliza, ukacheka."

"Sikucheka. Nilikohoa." Bwana Desai aliitazama mashine ya kufulia, siyo yeye. Kisha akataja bei.

Lavonne aliketi juu ya gunia la shuka chafu. Kwa bei ile mtu angenunua pikapu mbili mpya za Garrison, basi. Chama cha akiba kingemkopesha hata kabla hajamaliza kueleza. Alikuwa anapanga nyumba ya bati yenye magurudumu nyuma ya kanisa la Wamethodisti, nyumba ambayo upepo ukivuma vikombe hugongana kabatini. Redbird aliijua kuliko mtu yeyote aliye hai: bomba linalolia, dirisha linalotaka kupigwa ngumi ndipo lifunguke, kitanda ambacho watu wanene wasipewe. Kwa miaka mingi, akisukuma kitoroli chake barazani, alikuwa ameipaka ile milango ya kahawia rangi ya njano, mmoja baada ya mwingine, kichwani.

"Nipe mpaka kesho," alisema.

Mchana ule alitandika vitanda vibaya. Mto mmoja aliuvisha foronya mbili. Ana nini cha kusema? Aliahidi siri, na siri ni siri. Bwana Desai ni mtu mzima, ana akili zake, ana binti Houston. Hakuna aliyemwambia uongo. Kama mji mzima umejidanganya wenyewe, je, yeye ndiye mama wa mji? Akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye chumba cha mgeni, akajiangalia kwenye kioo.

"We Lavonne," alikiambia kioo. "Unajua kabisa."

Asubuhi alimkuta Bwana Desai mapokezini, akamwambia kwa mkupuo kabla hajajuta. "Usiuze. Wale wageni hawahusiki na pikapu za Garrison."

"Ni watu gani basi?"

"Siwezi kusema. Niliahidi."

Bwana Desai alivua miwani taratibu. "Walikuapisha?"

"Hawakuniapisha! Tulipeana mikono tu."

"Kwa hiyo kweli kuna siri." Rangi ilimtoka. "Ah, Lavonne. Basi ni mbaya kuliko nilivyodhani. Nakupunguzia bei."

"Sitaki kupunguziwa!"

"Asante kwa kunificha makali. Una moyo mzuri."

Lavonne alikwenda moja kwa moja kumgongea Wouter. Alimweleza yote, na Wouter, ambaye hakuwahi kufikiri kwamba vidole vyake vinaweza kuuza moteli, alishtuka sana. Akakubali kuja kuwasafisha watu mawazo, ila trekta asilitaje, kwa sababu ya yule bwana wa Ohio.

Chumba cha kifungua kinywa kilikuwa kimejaa. Kumbe nusu ya zamu ya asubuhi ilikuwa imekuja kunywa kahawa ya bure ili iwaone Wazungu wa Ulaya kwa macho. Dwight alisimama katikati, mikono ya shati imekunjwa, nembo nje.

"Bwana mgeni," alisema, "mimi sina maneno mengi. Mmekuja hapa kwa ajili ya injini?"

Wouter alikuwa mtu mkweli, na hilo ndilo lililoharibu mambo. "Ndiyo," alisema. "Lakini…"

"Ya dizeli?"

"Inatumia dizeli, ndiyo. Lakini siyo ya Garrison! Ni ndogo. Ina silinda moja tu."

Mtu mmoja aliweka kikombe chini kana kwamba kuna maiti.

"Silinda moja," alisema Dwight. Akavuta kiti akaketi. "Jamani, mmesikia? Sisi tunawapa silinda sita, injini inavuta nyumba na msingi wake. Wao wanataka kumwekea Mmarekani silinda moja!"

"Itapandaje mlima?" mtu alilia kutoka nyuma.

"Itasukumwa!" alijibu mwingine. "Kila pikapu itauzwa na shemeji wawili wa kusukuma!"

"Hamsikilizi!" Wouter alisema. "Hii ni ya zamani sana…"

"Na tena mtumba!"

Bwana Desai, mlangoni, alikuwa ameshika simu, anatafuta namba ya Houston. Lavonne aliona kidole chake kimeifikia. Ndipo uvumilivu ukamwishia. Alichukua kifuniko cha chuma cha sufuria ya uji akakipiga mezani mpaka donati zikaruka.

"Kimya! Nyote! Dwight, funga huo mdomo kabla sijaujaza taulo. Kila mtu aingie kwenye gari lake anifuate. Wewe pia, Bwana Desai. Weka simu chini." Akamgeukia Wouter, sauti ikashuka. "Nisamehe, bwana. Nilikuahidi, na sasa navunja."

Wouter aliutazama ule umati, akautazama mkono wa Dwight. Akapumua. "Vunja," alisema. "Ohio ni mbali."

Basi msafara ukatoka Redbird, pikapu nyuma ya pikapu, zote za Garrison, zote zinanguruma, na mbele yao gari dogo la Lavonne lililofungwa bampa kwa waya, Bwana Desai kando yake ameshika mkanda kwa mikono yote miwili. Ulikuwa Machi; barabara ya bondeni ilikuwa tope tupu. Bibi Opal Reinholt alitoka kibarazani amevaa buti za marehemu mumewe, akahesabu taa za magari, akaacha.

"Kama mmekuja mazishini," alisema, "nawaambieni sijafa."

"Tumekuja kuona injini, Bibi Opal," alisema Lavonne.

"Ooh. Basi mngeleta hata keki."

Milango ya ghala ilifunguliwa. Kuku mmoja alitoka kwanza, kwa hasira. Nyuma yake lilikuwa trekta, fupi, nene, lenye kutu, na pua ya chuma kama ya nguruwe. Mjomba wa mume wa Bibi Opal alilileta kwa meli kutoka ng'ambo, na tangu mume afariki hakuna aliyeligusa. Wale Waholanzi wawili wengine walikuwa tayari wamepiga magoti mbele yake, wanachoma pua ile kwa moto wa gesi, maana injini ya aina hiyo haiwaki mpaka ipashwe joto. Nusu ya mji ilikuwa imesimama topeni, na kila mtu alikuwa anasubiri mwenzake awe wa kwanza kuona aibu.

"Ndiyo hiyo?" Dwight aliuliza mwishowe.

"Ndiyo hiyo," alisema Lavonne. "Hiyo ndiyo inakuja kuua Tolliver."

Aliyeanza kucheka alikuwa Bibi Opal, ambaye hakujua hata sababu. Kisha mtu wa nyuma, kisha wote, mpaka Dwight akajifunika uso kwa mkono wa nembo, mabega yanatetemeka.

Bwana Desai hakucheka. Alisogea karibu na Lavonne, viatu vyake vya ngozi vimezama.

"Uliniambia nisiuze," alisema.

"Nilikuambia."

"Ungeweza kunyamaza. Sasa siwezi tena kukuuzia kwa bei ile. Mke wangu ataniua."

"Najua, Bwana Desai."

Bwana Desai alichomoa kiatu kimoja topeni. "Siku nikichoka kweli," alisema, "wa kwanza kuulizwa ni wewe." Na baada ya kidogo: "Ile milango. Mibaya, sivyo? Ungekuwa wewe, ungeipaka rangi gani?"

Kabla Lavonne hajajibu, Wouter aliuchomoa usukani wa trekta, akauchomeka ubavuni mwa injini kuiwashia, akauzungusha kwa nguvu zake zote. Likakohoa. Likatema pete ya moshi mweusi. Kisha likaanza, tu, tu, tu, pigo moja, kimya, pigo moja, mpaka mtu akadhani limekufa, na pigo lingine. Ardhi ilitikisika hadi kwenye magoti. Dwight alivua kofia. Aliinamisha kichwa upande, kama anavyofanya kiwandani, na uso wake ukalegea.

"Imefungwa vizuri," alisema kwa sauti ya chini. "Jamani, sikilizeni. Huyo aliyeifunga alijua kazi."

Bibi Opal aliweka kiganja kwenye chuma kinachotetemeka, akakiacha hapo. Kisha akamnyooshea Dwight kidole. "Wewe mnene, panda. Nataka kulitazama likitembea."

Dwight alipanda. Trekta lilitoka ghalani kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, likaingia shambani, na watu wakalifuata kwa miguu, bila kuambiana, wakiziacha pikapu zao milango wazi. Lavonne alikumbuka kwamba hakuna kitanda hata kimoja kilichotandikwa Redbird. Bwana Desai alikuwa amekunja suruali, anaruka madimbwi mbele yake, anageuka kumngoja.

"Njano," alimwambia alipomfikia, kwa sauti ya kushinda ile injini, na Bwana Desai akaweka mkono sikioni kuonyesha kwamba hakusikia, nao wakaendelea kutembea.