Marehemu Alikuja na Kiti Chake

Usiku wa kuamkia leo niliota nipo dukani kwa Bi Gaudensia, pale Mbinga ninakofanya kazi ya kuchapa, ninatengeneza kadi ya harusi yangu mwenyewe.

Kazi yenyewe naijua. Unaandika maneno matupu kwenye kompyuta, bila urembo, kila kitu na mstari wake. Halafu unabonyeza kitufe kimoja, na skripti, yaani ule mlolongo wa amri uliopangwa tayari, inayachukua maneno yako na kuyarudisha yamekaa vizuri, tayari kuchapwa. Bi Gaudensia alinifundisha kwa subira, maana shule niliiacha darasa la tano, mwaka ule mama alipovuka Ruvuma kwenda kuuza vitenge Msumbiji. Hakurudi. Habari yake pia haikurudi.

Ndotoni ninabonyeza kitufe. Kioo kinaandika:

"Mama hakupatikana. Andika jina jingine, au bonyeza X uache."

Sikushangaa. Mashine huandika hivyo kila inapokosa kitu. Ila jina jingine sikuwa nalo, na X sikutaka hata kuigusa.

Mlango ukafunguka, akaingia mtu mnene mwenye suti nyeusi, amebeba kiti cha plastiki.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti. Mimi ni Marehemu. Nimetumwa na mjomba wako Nolasko nije kukaa mbele ya jina la mama yako."

"Mjomba hakuniambia kama utakuja."

"Alikuambia jana, wakati wa kula. Ukainamia ugali."

Ilikuwa kweli. Mjomba alisema, "Otilia, kwenye kadi andika marehemu. Watu watatuuliza yuko wapi. Marehemu haulizwi yuko wapi." Nami nikaandika, maana mbele ya mjomba sauti yangu huwa haitoki.

"Nionyeshe hilo jina nikae," akasema Marehemu. "Miguu inavimba."

Hapo kitufe kikafunuka kama kifuniko cha sufuria, akatoka bwana mfupi wa koti la kijivu. Ndiye Skripti.

"Nani kanibonyeza?"

"Mimi. Namtafuta mama."

"Twende tukasome tangu juu. Mimi siruki mstari."

Mara duka likawa shamba la kahawa, udongo wake mweupe kama karatasi. Skripti anatembea kama anavyosoma: anakwenda mpaka mwisho wa mstari, anarudi mwanzo, anashuka mmoja. Mimi nyuma yake, Marehemu nyuma yangu na kiti chake. Katikati ya shamba tunamkuta mchumba wangu Wilbroad, amepandwa mpaka magotini.

"Wilbroad, hujambo?"

"Sijambo. Nimewekwa katikati ya ukurasa, siwezi kugeuka. Mama yako yuko mstari wa chini. Mpe salamu zangu."

Mstari wa chini alisimama mlinzi mwembamba, ameinama upande kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, ana kichwa cha mviringo juu na kingine chini. Nikamtambua. Alikuwa alama ya asilimia, ile tunayoiweka mbele ya maneno tusiyotaka yachapwe. Skripti alipomwona akageuka kuondoka.

"Ulisema huruki mstari," nikamwambia.

"Siruki. Lakini kilicho nyuma ya huyu, kwangu hakipo."

Nyuma ya mlinzi, juu ya mkeka, mama alikuwa anamenya karanga. Amevaa kitenge kilekile cha tausi alichoondoka nacho.

"Amekufa?" nikamuuliza mlinzi.

"Hapa hakuna waliokufa," vichwa vyote viwili vikajibu. "Wanaokufa hufutwa. Hawa wapo, ila hawachapwi."

Mama akainua macho. "Otilia. Umerefuka."

"Naolewa, mama."

"Na nani?"

"Wilbroad, wa akina Kapinga. Anakusalimia."

"Anajua kucheka?"

"Anajua."

"Basi sawa. Na atakayekusuka ni nani?"

"Sijatafuta mtu," nikasema. "Nimekuachia wewe."

Mama akanitilia karanga kiganjani. Nikazifumbata, sikuzila, nikiogopa zitaisha.

"Toka basi, mama."

"Mlinzi hakai bure, mwanangu. Nikitoka mimi, lazima apate mwingine wa kumficha."

Nikageuka. Marehemu alikuwa anajipepea kwa kofia.

"Bwana Marehemu," nikamwambia, "hapa pana kivuli."

Akachungulia. Akautazama mkeka. "Na hakuna anayelia?"

"Hakuna."

"Kila ninakopelekwa watu wanalia," akasema. "Mtu anachoka." Akapitisha kiti chake nyuma ya mlinzi, akakaa, akavua viatu. Mama akasimama, akakung'uta maganda, akatoka.

Nikanyoosha mkono nimshike. Nilichoshika ni alama mbili za kuuliza, zile mashine huziacha mahali pa jina ambalo haijalipata, baridi kama ndoana.

"Huyu si mama!" nikapiga kelele.

"Ni yeye," akasema Skripti bila haraka. "Hii ni mara ya kwanza tu. Mara ya kwanza naandika nani yuko wapi. Mara ya pili ndipo namweka kila mtu mahali pake. Kabonyeze tena."

"Kitufe kiko wapi?"

"Dukani."

"Duka liko wapi?"

"Si mmeligeuza shamba?"

Ninakimbia. Lakini shamba halikubali njia ya mkato. Mpaka mwisho wa mstari, nirudi mwanzo, nipande mmoja. Nyuma yangu mama anaita, sauti inapungua kila mstari: "Otilia, usiiache mara ya pili!"

Nikaamka. Kumekucha, ngumi yangu imekaza mpaka inauma. Nilipoifungua, katikati ya kiganja palikuwa na ganda jembamba jekundu la karanga. Kwa mjomba karanga haziingii kabisa. Akizinusa tu anavimba midomo.

Nimewahi dukani leo. Neno marehemu limo kwenye faili, mstari wake peke yake, na mbele yake nimeweka alama ya asilimia. Sikulifuta. Amepata kivuli, akae.

Nimebonyeza mara moja. Mjomba Nolasko amesimama mlangoni, anauliza kama kadi ziko tayari.

"Bado, mjomba," nimemwambia, na sauti imetoka. "Imebaki mara ya pili."