Mota Iliyoshonwa

Mimi Fadhil ni mgumu wa kusifu. Hata mke wangu Kulthum akipika wali ukawiva vizuri, huambulia "si mbaya" tu. Lakini Fundi Gharib wa Siyu namsifu mchana kweupe, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Mwaka 1912 Bwana Jeilani aliamua mitepe yake mitano ya kuvusha watu kati ya visiwa vya Amu na Manda iende kwa nguvu za umeme. Mtepe ni chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba ya nazi, bila msumari hata mmoja. Yote mitano aliishona Gharib, na kila mwaka aliifumua akaishona upya. Mimi nilishika usukani wa mmojawapo. Basi akaletwa Kamaludin, fundi wa mitambo kutoka Bombay, na mota zake na mabetri yake.

Kamaludin akatoboa mbao za tezi, nyuma ya mtepe wangu, akaikaza mota kwa parafujo. Gharib alimwonya kwamba mtepe hujipinda na wimbi, na chuma hakijipindi. Kamaludin akacheka. Tukatoka kuijaribu. Hatujafika katikati ya mkondo, parafujo zilishakula mbao na maji yako magotini. Tulivutwa hadi pwani tumelowa kama kuku, watu wa mtaa wa Langoni wakitutazama.

Bwana Jeilani akafoka: mitepe yote itiwe moto, atanunua mashua za misumari. Gharib hakuwa na mwana wala mwanafunzi. Mitepe ile ndiyo kazi yake yote iliyobaki duniani. Nilimwonea huruma.

"Bwana Jeilani," akasema, "nipa mmoya tu. Mayi yakingia, taitia moto yote mwenyewe."

Alifanya kazi siku nne. Aliziba matundu ya parafujo, akaiweka mota juu ya gogo la mkoko, akatandika makumbi ya nazi yaliyopondwa chini yake, kisha akaifunga na mbavu za chombo kwa kamba, akivuta hata mishipa ya shingo ikamsimama. Ijumaa baada ya sala tukatoka tena. Wimbi lilikuwa kubwa. Mbao zilipojipinda, mota ilijipinda nazo, ikiendelea kunguruma taratibu. Gharib aliketi kiganja kimelala juu ya mshono, midomo ikisoma dua. Tukafika Manda, tukageuza, tukarudi. Nilipopapasa ndani nikakuta maji ya kawaida ya mtepe, ya kuoshea vidole. Wallahi nilipiga kelele kama mtoto.

"Fundi," akasema Bwana Jeilani, aliyekuwa akitungoja pwani, "na ile minne nayo ishone."

Kamaludin akamfuata Gharib gatini. "Mzee, nilikucheka. Meli yangu inaondoka kesho, sipandi. Nifundishe."

Machozi yakamtiririka Gharib ndevuni. Kisha akampa ncha ya kamba.

"Vuta."

Kamaludin akavuta kwa nguvu zake zote.

"Bado," akasema Gharib. "Vuta tena, mwanangu."