Joho Jekundu la Bwana Kimbunga

Mwaka wa hamsini na nane Voi nzima iliingiwa na wazimu wa Bwana Kimbunga, na aliyeupika wazimu huo hadi ukaiva alikuwa Wakesho, fundi wa kushona.

Bwana Kimbunga mwenyewe hakuwa mtu wa Voi. Alikuwa mtu wa senema, akionyeshwa kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, madirisha yamezibwa kwa magunia. Alivaa suruali ya kubana ambayo mzee yeyote wa Mghange, kule vilimani, angeionea haya, akaficha macho kwa kinyago, akajitupia joho mabegani, basi hapo haguswi tena. Aliruka mapaa ya nyumba. Alisimamisha malori kwa mkono mmoja. Alisema Kiingereza cha puani ambacho hakuna aliyekielewa, wala hakuna aliyejali, maana ngumi hazihitaji mkalimani.

Wakesho alikwenda ukumbini mara moja tu, akatoka na akili mpya. Jumatatu alishona joho moja, akalitundika mbele ya cherehani yake pale barazani sokoni. Kabla ya saa sita lilikuwa limenunuliwa na karani wa posta, mtu mzima mwenye mke na kipara. Kesho yake wakaja watatu. Mwezi ulipokwisha, majoho yalipepea Voi hadi mashamba ya mkonge, na kila mtu alitaka kula kwa jina la Bwana Kimbunga. Kinyozi alikuwa na mkato wa Kimbunga. Syokau, mama wa hoteli ya chai, aliyabatiza mandazi yake Ngumi za Kimbunga. Mandazi yaleyale, mafuta yaleyale, lakini sasa yalikwisha jua likiwa bado chini.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Wakesho hakumwambia mtu. Picha zile zilikuwa nyeusi na nyeupe. Hapakuwa na binadamu Voi aliyejua joho la Bwana Kimbunga ni la rangi gani. Yeye alishona jekundu kwa sababu dukani palikuwa na majora ya kitambaa chekundu yaliyokosa mnunuzi. Lakini baada ya majuma mawili ungesikia watu wakiapa kwamba wameliona jekundu kwa macho yao mawili, na ukibisha mtashikana mashati.

Mumewe Wakesho, Obadiah, alikuwa mshika bendera wa stesheni. Kazi yake ilikuwa bendera mbili: ya kijani, gari la moshi lipite, nyekundu, lisimame. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuinua moja mahali pa nyingine, na kwa sifa hiyo alitembea shingo wima.

Siku ya Alhamisi ndipo mambo yalipoharibika. Nehemiah, mchuuzi wa ndizi kutoka Mahoo, upande wa Taveta, alikuwa ametangulia Voi kutafuta wanunuzi, mzigo wake ukimfuata kwa treni ya Taveta. Asubuhi hiyo alinunua joho. Treni ilipokaribia, akashuka kando ya reli kuwaringia wapagazi, akatanua mikono yote miwili, na upepo wa Voi, ambao haumnyimi mtu fedheha, ukalijaza lile joho likapepea mita nzima.

Dereva wa gari la moshi hafundishwi kuuliza nguo nyekundu ni ya nani. Akikiona chekundu kinapepea, anakamata breki. Alikamata. Mikungu ya ndizi ikaporomoka, mingine ikapondeka kabisa. Nehemiah alipoona ndizi zake mwenyewe zimekuwa uji, alivua joho, akalisokota ndani ya gunia, akajiunga na waliokuwa wakiuliza, "Jamani, nani kafanya hivi?"

Dereva alisema ameona nyekundu. Na katika stesheni nzima, mwenye nyekundu alikuwa mmoja. Stesheni Masta akamwandikia Obadiah barua: Jumatatu saa nne aje ajieleze, na asipokuwa na maelezo, arudishe bendera na ufunguo wa nyumba. Kwa maneno mengine, unga umemwagika.

Obadiah aliisoma barua, akaikunja, akaiweka mezani mbele ya mkewe. Hakusema kitu.

Angefoka, Wakesho angepumua. Lakini Wadawida, watu wa vilima vya Taita, wanajua kwamba hasira ya kelele huisha na kelele. Ya kuogopwa ni ile inayokaa moyoni kimya. Hiyo hata mwenyewe asipomtakia mtu mabaya, watoto huugua, kuku huacha kutaga. Ijumaa Obadiah hakusema. Jumamosi binti yao, Beth, alikohoa mara mbili, na Wakesho akaangusha sufuria.

Wapagazi walikuwa wamemnong'oneza walichokiona, ingawa hakuna aliyethubutu kukisema mbele ya Stesheni Masta. Alikwenda kwa Nehemiah, akamkuta kwa Syokau akila Ngumi tatu.

"Baba, twende kwa Stesheni Masta ukaseme ni wewe."

"Mama Beth, mimi mtu wa heshima," Nehemiah akasema, bila kumtazama. "Niko na wajukuu Mahoo. Niseme nilikuwa nacheza senema kando ya reli?"

"Mume wangu atafukuzwa!"

"Nitamwombea."

Wakesho alirudi nyumbani na aibu ya kweli, kwa kuwa alijua Nehemiah alivaa tu. Aliyeshona ni nani? Hata hivyo usiku alilala, maana alikuwa ameshaamua.

Jumatatu saa nne Obadiah alisimama kwenye jukwaa la stesheni kando ya Stesheni Masta, bendera zote mbili mkononi. Treni ya Taveta ilionekana kwa mbali. Stesheni Masta akasema ngoja kwanza gari liingie, ndipo waanze shauri. Obadiah akainua ile ya kijani.

Hapo chini, hatua kama mia mbili, mwanamke akatoka nyuma ya kichaka cha mnyaa. Alikuwa na kanga kiunoni na joho jekundu mabegani. Alisimama kando ya reli, akatanua mikono, akafumba macho. Akamwomba Mungu dereva awe na macho mazuri.

Breki zililia hadi mbwa wa sokoni wakajibu. Gari likasimama. Stesheni Masta alitazama treni, akatazama ile bendera ya kijani ambayo Obadiah alikuwa bado ameiinua juu, kisha akaanza kukimbia, jambo ambalo Voi ilikuwa haijapata kuliona.

"Mama! Una wazimu?"

"Ndiyo, Bwana Stesheni," Wakesho akasema, akihema. "Na huu wazimu nimeuza mimi. Nyekundu ya Alhamisi ilikuwa joho kama hili. Mume wangu hana makosa. Kama ni kufunga mtu, nifunge mimi."

Stesheni Masta alimkaripia robo saa kwa lugha tatu. Lakini alikuwa ameona kwa macho yake, na hangeweza kumfukuza mtu aliyeshika kijani. Barua ikachanwa. Amri ikatoka kwamba joho jekundu lisionekane tena karibu na reli, na Wakesho akalazimika kumshonea kila mteja joho la buluu bure.

Watu walilalamika sana. Karani wa posta alisema hilo la buluu ni la bandia, Bwana Kimbunga wa kweli anajulikana. Wakesho aliuma ulimi, akaendelea kushona.

Ila Obadiah bado hakusema. Kazi alikuwa amerudishiwa, ugali alikula, na kimya kilikuwa palepale. Siku ya nne Wakesho hakuweza tena. Alikamua muwa, akayatia maji yake katika kibuyu, akampelekea mumewe kwa mikono miwili. Alikuwa akimwomba atase, kama wazee wa vilimani wanavyotasa: mtu aseme kilichomkaa moyoni, apige funda, alipulize nje na maneno ya amani, hasira itoke nalo.

"Baba Beth, sema. Ni barua? Nilikuletea hatari ya kazi, najua. Nisamehe."

Obadiah alikipokea kibuyu.

"Si barua," akasema.

"Ni nini basi? Kwamba nilisimama relini mbele ya watu?"

"Hapo nilikuonea fahari." Alitazama chini, masikio yakimwaka. "Mama Beth, Jumamosi zote niko zamu. Sijawahi kumwona huyo mtu. Nasikia tu watu wakipiga kelele ndani ya ukumbi. Umeshonea karani. Umeshonea kinyozi. Nehemiah wa Mahoo, mtu wa siku moja, umemshonea. Na mimi nalala kitanda kimoja na fundi, na hujaniuliza hata siku moja kama nataka. Kweli mfinyanzi hulia gaeni."

Wakesho alitaka kucheka, akajikuta analia. Miezi miwili alikuwa amepima mabega ya Voi nzima, na ya mumewe hayajui. Alichukua utepe shingoni, akamzunguka, akaanza kumpima palepale alipoketi.

Obadiah akapiga funda la maji ya muwa, akalipuliza sakafuni, miguuni pao wote wawili.

"Moyo na upoe," akasema. "Nyumba hii iwe na amani, mtoto awe na afya, na mama yake aone vizuri kazi ya mikono yake."

Kisha akasimama, akainama, akagusa kisigino.

"Na lifike hapa."