Simu Ambayo Mianda Hakuipiga

Kazi ya Mianda, ukipenda kuiita kazi, ilikuwa kuwaita watu umeme unaporudi. Nchi nzima ilikuwa na njaa ya umeme, na kiwanda chao, kinachochuja shaba kwenye matope ya zamani ya migodi nje kidogo ya Kolwezi, kiliuonja kwa saa chache tu, tena bila taarifa. Mtu wa kituo cha umeme alimpigia simu Mianda, naye nyuma ya kioo cha ofisi akawapigia wafanyakazi mmoja mmoja. Waliacha sahani, kitanda, hata sala, wakakimbia. Asiyepigiwa hakuwa na kazi siku hiyo.

Mmoja wao, fundi wa pampu, alikuwa mumewe Kabemba.

Umeme huo ulikuwa na tabia mbaya ya kurudi jioni, Mianda akikaribia kumaliza kazi. Alimwita mumewe kwa mdomo wake mwenyewe, kisha akarudi mtaani kwao Kasulo kuikuta nyumba tupu, kitanda kikiwa bado na joto. Asubuhi mume aliingia macho yamemvimba, akalala kama gogo hadi mke alipoondoka tena. Walikuwa wakiishi nyumba moja, na bado Mianda alimkosa mume wake kama mtu aliyesafiri mbali. Alitamani hata wagombane kidogo, mradi amsikie sauti.

Jioni moja simu ililia, mtu wa umeme. "Mama Mianda, courant iko inakuya. Ita bantu!"

Akawaita wote. Alipofika kwenye namba ya Kabemba, kidole kilisimama, akamruka. Leo, alijiambia, nitamkuta mezani, nitamtilia bukari, ugali wa moto, aniambie chochote kile.

Masikini Mianda! Alisahau jambo moja ambalo kila mtu wa Kasulo analijua: kiwanda kikipewa umeme, mtaa unaingia gizani. Haikupita muda, Kabemba akaingia ofisini akihema, viatu havijafungwa. Nyuma yake akaja Numbi, mkuu wa zamu, uso umekunjamana.

"Kazi ilishaanza. Mama huyu hakukuita?"

Kosa kama hilo lingemfukuzisha Mianda kazi.

"Aliniita, chef," alisema Kabemba haraka. "Ni mi njo nilichelewa."

"Basi fasi yako tulishapa mwingine. Rudia ku nyumba."

Numbi alipotoka, Kabemba alisogea kwenye kioo. "Juu ya nini haukuniita? Niliona giza, simu hailie, nikazani uko mugonjwa. Nilikimbia njia yote."

Machozi yalimtoka Mianda. "Nilikuwa nataka nikukute ku nyumba, tata. Siku moja tu. Niko na hamu yako."

Kabemba akacheka kwa sauti ya chini, ile ile ambayo Mianda alikuwa ameikosa. "Basi mi nitakungoya hapa. Tutarudia pamoja." Akaketi kwenye benchi la wageni. Alianza kumsimulia habari ya jirani aliyechimba shimo la kutafuta madini chini ya jiko lake hadi jiko likadidimia, lakini hakufika mwisho. Usingizi ulimchukua katikati ya neno, kichwa ukutani.

Mianda aliacha kila kitu akamwangalia. Mvi zilikuwa zimemwota pembeni mwa masikio, na yeye hakuwa amejua. Zilikuja lini?

Simu ikalia. Aliidaka kabla haijalia mara ya pili.

"Mama Mianda," alisema Numbi, "pompe moja imekufa. Bwana yako iko fasi gani? Namutafuta mbio!"

Mianda alimtazama mtu aliyelala kwenye benchi, mdomo wazi.

"Iko ku nyumba, chef," alinong'ona, akakata.

Kabemba alifumbua jicho moja. "Ni nani?"

"Hakuna muntu," alisema Mianda. "Lala."