Mahindi ya Wabwile

Dinah aliporudi Kitale kutoka mkutano wa injili wa Kanduyi, kitu cha kwanza alichotafuta kwa macho kilikuwa turubai lake. Aliliacha Ijumaa asubuhi limetandazwa uani, mahindi ya gunia tisa juu yake, na mchana huohuo mvua ikanyesha kila mahali hadi Bungoma. Siku mbili nzima hakusikia neno la mhubiri. Alikuwa akisikia mahindi yake yakilowa.

Uani palikuwa patupu. Magunia yote tisa yalikuwa barazani, yamepangwa juu ya mbao yasiguse saruji, midomo imeshonwa kwa kamba ya katani, mishono mifupi mifupi. Dinah aliujua mkono huo. Ulikuwa wa Wabwile, jirani yake, mwanamume aliyefiwa na mkewe, asiyekanyaga kanisa, ambaye husema waziwazi kwamba huko juu hakuna mtu.

Akaketi juu ya gunia, kikapu kingali begani.

Mtaani kwao, msimu wa kuanika, wingu likija, aliye nyumbani huanua ya kwake na ya jirani. Haiulizwi. Lakini wiki tatu nyuma, Wabwile akiwa Cheptais kumzika shangazi yake, Dinah alisimama langoni na Biblia kwapani akaona wingu jeusi likishuka kutoka Mlima Elgon, na mahindi ya Wabwile yako wazi. Maombi ya akina mama yalikuwa saa nane. Saa ilikuwa saba na robo. Muda ulikuwepo, na hilo ndilo lililomchoma. Alijiambia: acha yalowe, labda atajifunza kuomba. Akaenda zake. Wabwile aliporudi siku ya tatu, mahindi yalikuwa yamevimba, mengine yameanza kuchipua, yananuka uchachu. Dinah akamwambia, "Pole, baba. Mvua ilinikuta kanisani."

"Mama Derrick! Umerudi?" Wabwile aliita akiingia kutoka kwake. "Ati nilikimbia na hayo mahindi mpaka kuku wako wakanicheka!"

"Mungu akubariki, baba."

"Si mgongo ni wangu, bana. Yeye hajabeba hata debe moja."

Dinah hakuweza kucheka. Hapo akaingia Phelista, mke wa mchungaji, aliyesafiri naye, akimletea shuka alilosahau kwenye gari. Akaona magunia, akapiga makofi.

"Bwana asifiwe! Ona vile Mungu hulinda vitu vya watu wake. Dinah, Jumapili ijayo unasimama unatoa ushuhuda."

"Ni mimi niliyeanua," Wabwile akasema, akitabasamu.

"Alikutuma, hata kama hujui."

Dinah akainuka. "Wabwile, siku ile ya mvua sikuwa kanisani. Nilikuwa hapo langoni. Niliyaona mahindi yako nikayaacha."

Tabasamu la Wabwile likaondoka polepole. "Uliyaona?"

"Niliyaona. Nilisema ujifunze kuomba."

"Dinah!" Phelista akanong'ona. "Hayo si ya kusema hapa."

Wabwile hakumtazama Phelista. "Ukaja ukaniambia pole. Na mimi nikakushukuru." Akaweka mkono juu ya gunia. "Sasa niambie ukweli. Kama haya yako yangelowa, ungeniambia?"

Dinah alitaka sana kusema ndiyo. Alilitafuta jibu hilo ndani yake, mahali anapoombea kila asubuhi kabla ya chai, asilione.

"Sijui," akasema. "Chukua magunia manne."

"Nitachukua mawili. Watoto wangu wanakula."

Hakusema asante. Aliinamia gunia la kwanza. Dinah akashika upande wa pili, na Wabwile akangoja mpaka alipouachia, ndipo akalipandisha mgongoni peke yake. Phelista akauliza kwa sauti ndogo kama ushuhuda bado upo.

"Upo," Dinah akasema. "Ni huo umesikia."

Akaenda nyuma ya nyumba kuchukua wilbaro, amfuate na gunia la pili.